Gombe au Mahale: ukifika mwisho wa reli, ushike boti ya kaskazini au ya kusini?

Kama una siku tatu Kigoma na hamu yako ni kumwona sokwe mtu, nenda Gombe. Kama una wiki nzima, mfuko unaruhusu, na unachotaka ni msitu wenyewe huku sokwe akiwa mmoja tu wa wenyeji wake, nenda Mahale. Wengi wanaouliza hutaka jibu liishie hapo. Tatizo ni kwamba sisi wa Kigoma tunawaona wanavyorudi. Aliyekwenda Gombe ananuna kwa sababu hakuona tembo, na aliyekwenda Mahale analalamika kwamba nusu ya likizo imeishia kwenye boti. Wote walikwenda kwa kusikia jina.

Hifadhi zote mbili ziko mkoani Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Zote mgeni hufika kwa maji au kwa ndege ndogo upande wa Mahale, na ukishafika unatembea kwa miguu. Yale magari ya kufunguka paa ya Serengeti hayana kazi huku. Baada ya hapo kufanana kunapungua haraka. Gombe ina kilomita za mraba zipatazo 35 za nchi kavu na ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mahale ilitangazwa mwaka 1985 na ina kilomita za mraba 1,613, yaani Gombe ingeingia humo zaidi ya mara arobaini.

Safari ya majini

Nianze na boti, kwa sababu ndiyo inayoamua mambo mengi kabla hata hujamwona mnyama.

Gombe iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ukikodi boti ya kasi, iwe ya hifadhi au ya mtu binafsi, unafika Kasekela, kituo cha hifadhi wanakoshukia wageni, kwa muda wa saa moja hivi. Njia ya pili ni maboti ya abiria ya mwalo wa Kibirizi, yale marefu ya mbao yanayohudumia vijiji vya pwani ya kaskazini. Huondoka kuanzia saa sita mchana na kuendelea, yakishapata abiria, na Jumapili usiyategemee. Humo utakaa juu ya gunia la unga au pembeni ya bati za mtu anayejenga, na mama anayetoka sokoni atakuomba umshikilie kuku wakati anapanga madumu yake. Boti inasimama kila kijiji, hivyo hesabu saa tatu au zaidi. Nauli yake haifikii hata robo ya bei ya kukodi. Mwambie nahodha mapema kwamba unashukia Kasekela, tena umkumbushe, la sivyo utajikuta Mwamgongo, kijiji kilicho ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wa hifadhi.

Mimi ningekushauri upande hiyo ya abiria walau kwenda, hata kama una hela. Kutoka Kibirizi milima ya kulia kwako imelimwa hadi juu: mihogo, michikichi, migomba, halafu udongo mwekundu pale mvua ilipokomba. Ukipita kijiji cha Mtanga, ghafla mlima unakuwa kijani kuanzia mchangani hadi kileleni. Huo ndio mpaka. Hakuna uzio wala ukuta, ni msitu tu ulioanza pale mashamba yalipokomeshwa. Hapo unaelewa bila kuambiwa kwa nini Taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ilianza mwaka 1994 mradi wake wa TACARE wa kupanda miti na kufanya kazi na vijiji vinavyozunguka hifadhi. Kwenye boti ya kasi unapita hapo ukiwa umefumba macho kwa sababu ya maji yanayorukia usoni.

Mahale ni habari nyingine. Ni zaidi ya kilomita 120 kusini mwa mji. Boti ya kasi inakula saa nne au tano, na petroli yake ndiyo itakayokushtua kuliko kiingilio. Boti ya mbao inachukua mchana mzima au usiku mzima. Barabara ya kuelekea kusini ipo, lakini wakati wa masika inakuwa na maamuzi yake, na hata hivyo haikufikishi kwenye kambi za sokwe. Lazima umalizie kwa maji. Wenye pesa huja kwa ndege ndogo kutoka Arusha, ambazo kwa kawaida hupitia Hifadhi ya Katavi na haziji kila siku, wakatua kwenye uwanja ulio karibu na makao makuu ya hifadhi, Bilenge.

Halafu kuna MV Liemba. Kila mgeni ana ndoto ya kwenda Mahale na Liemba, na siwalaumu. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 ili adui asiitwae, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya. Lakini ni chombo cha zamani ambacho kimekaa nje ya kazi kwa vipindi virefu. Usipange likizo juu yake mpaka uulize bandarini Kigoma kama inasafiri na tarehe ngapi. Hata ikisafiri, huko Lagosa, kituo cha kushukia wanaokwenda Mahale, hushushia abiria majini, wakapokewa na mitumbwi, mara nyingi usiku.

Kwa safari yoyote kati ya hizi, dai jaketi okozi na ulivae, usilikalie. Miezi ya kiangazi kusi huvuma na ziwa huchafuka. Wavuvi wakikwambia leo hapana, kunywa chai, ahirisha.

Njia za msituni

Udogo wa Gombe huwadanganya watu. Wanaona ramani, wanasema hapa nitamaliza asubuhi. Hifadhi hii imesimama wima: mabonde membamba yenye vijito yanashuka kutoka ukingo wa bonde la ufa moja kwa moja hadi ziwani, na kati ya bonde na bonde kuna migongo ya nyasi na miombo ambako jua linakupata sawasawa. Wafuatiliaji wakimwambia mwongozaji wako kwa redio ya mkononi kwamba sokwe wako bonde la pili, maana yake utapanda mgongo mmoja na kuushuka kwa makalio. Kiangazi changarawe inateleza chini ya kiatu, masika ni tope. Mara nyingi mwongozaji huiacha njia kabisa, mnapita chini ya matawi kwa kuinama, umeshika mizizi. Vaa suruali ndefu na viatu vyenye meno.

Njia rahisi ipo: ile ya maporomoko ya Kakombe. Kutoka Kasekela unafuata kijito kupitia msitu mnene, safari fupi ambayo hata asiye na mazoezi anaimudu. Maji yanadondoka kutoka juu kwenye mwamba uliozungukwa na mizizi inayoning'inia, na upepo wake unalowesha shati. Mchana wa jua kali sijui mahali pazuri kuliko hapo mkoa mzima. Njia ngumu zaidi inakwenda hadi kwenye kilele alichokuwa akikaa Jane Goodall na darubini yake mwaka 1960, akisubiri sokwe wamzoee. Ukikifikia unaona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo.

Mahale, kinyume na wanavyodhani wengi, huanza kwa upole. Sehemu ya Kasoje, ambako wageni hulala na kutembea, ina njia tambarare chini ya miti mikubwa iliyofunga juu, kivuli tupu. Sababu ni kwamba palikuwa nyumbani kwa watu. Watongwe waliishi hapa, wakalima na kuvua, kabla ya kuhamishwa. Miembe, mipera na milimau yao ilibaki, na sokwe wakajifunza taratibu kula matunda hayo. Mwongozaji mwenye asili ya huko atakuonyesha mwembe na kukwambia palikuwa kwa nani. Ni jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilisemi, nami naona linastahili kusemwa.

Ukitoka kwenye tambarare, mlima unaanza kazi yake. Nkungwe, kilele kikuu, kina mita 2,462, na Watongwe tangu zamani wanakiheshimu kama mahali pa mizimu. Kukipanda ni safari ya kulala njiani, na askari mwenye bunduki, kwa sababu kule wanyama si nyani peke yake. Mgeni wa kawaida hapandi Nkungwe, ila akiupenda mlima Gombe haina cha kumpa mbadala.

Sokwe wenyewe

Hapa ndipo watu hudhani sokwe ni sokwe, ukimwona mmoja umewaona wote. Ndivyo nilivyodhani hata mimi nilipokuwa nikisikia habari zao mjini.

Sokwe wa Gombe ni familia zenye kumbukumbu. Jane Goodall alishuka pwani ya Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, akifuatana na mama yake. Mwaka huohuo akamwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta na kula mchwa waliong'ang'ania. Hadi siku hiyo wataalamu walikuwa wakisema ni binadamu tu anayetengeneza zana. Tangu hapo sokwe wa Kasekela hawajaachwa kufuatiliwa, hata baada ya yeye mwenyewe kufariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Watoto hupewa majina yanayoanza na herufi ya mama: Flo alimzaa Fifi, Fifi akamzaa Freud na Frodo. Kwa hiyo mwongozaji mzuri wa Gombe hakuonyeshi sokwe tu, anakusomea ukoo. Atakwambia pia habari mbaya: kati ya 1974 na 1978 madume wa Kasekela waliwamaliza mmoja baada ya mwingine wenzao waliojitenga upande wa kusini. Hifadhi nzima leo ina sokwe wapatao mia moja au pungufu, na hawana pa kukimbilia kwa sababu mashamba yamewazunguka.

Mahale utafiti ni wa Wajapani. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi Kasoje mwaka 1965, na kundi ambalo wageni hupelekwa kuliona, kundi M, lina sokwe takriban sitini waliozoea watu. Hifadhi nzima ina mamia. Majina yao yatakufurahisha: Kalunde, Fanana, Alofu, Chausiku.

Huyo Chausiku ana kisa. Novemba 1987 alikuwa mgonjwa, analala mchana, mwanawe anahangaika. Akaufuata mti ambao Watongwe wanauita mjonso, akavunja tawi changa, akamenya ganda, akatafuna kiini na kunyonya maji yake machungu. Mtafiti Michael Huffman alikuwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe anayeyajua majani, naye ndiye aliyemwambia kwamba hiyo ni dawa, hata watu wa kwao wanaitumia kwa maumivu ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa na nafuu. Muombe mwongozaji akuonyeshe mjonso ukiwa njiani, na kama una ujasiri onja.

Sasa angalia tofauti zinazoonekana kwa macho. Mahale, sokwe wawili wakitoleana uchafu mwilini hukaa wakitazamana, kila mmoja akanyanyua mkono wake, wakashikana viganja juu ya vichwa, huku mkono mwingine ukichambua kwapa la mwenzake. Gombe hawafanyi hivyo; anayenyanyua mkono hushika tawi. Gombe wanakula ngazi, yale matunda mekundu ya mchikichi, kama watu wa Kigoma wote tunavyopenda mawese. Mahale michikichi ipo na sokwe wanaipita kama hawaioni. Gombe wanachovya kijiti kirefu kwenye siafu na kuwapitisha mdomoni haraka kabla hawajaumwa. Mahale wanawatafuta sisimizi walio ndani ya mashina ya miti. Hakuna hali ya hewa wala udongo unaoeleza tofauti hizo vya kutosha. Ni mila, mtoto anaiona kwa mama yake. Mtu aliyewaona wa Gombe akaenda kuwaona wa Mahale hajarudia safari.

Nani atakuhakikishia kuwaona? Hakuna. Wafuatiliaji hutoka alfajiri katika hifadhi zote mbili na kupashana habari kwa redio, na mara nyingi wageni huwaona. Lakini usipange asubuhi moja tu. Panga mbili, popote utakapokwenda.

Masharti yanafanana: kikundi kidogo, watu wasiozidi sita, umbali wa mita 10, muda wa saa moja mbele yao, usile wala kutema mate. Mahale utavalishwa barakoa. Mafua yetu huua sokwe, kwa hiyo ukikohoa utaachwa kambini, na ukificha kikohozi una roho mbaya. Umbali huo wa mita 10 ni wa kwako, wao hawajausoma. Dume likija kwenye njia nywele zimesimama, mwongozaji hatapiga kelele, atasema taratibu, "Mama, sogea huku, kaa chini, usimtazame usoni." Fanya hivyo hivyo. Atapita.

Kuhusu watoto: Gombe hawapeleki kwa sokwe mtoto wa chini ya miaka 15, Mahale chini ya 12. Familia yenye mtoto wa darasa la saba, basi, ina jibu lake tayari, japo ni jibu la gharama.

Wanyama wengine

Gombe hakuna simba wala tembo. Wapo nyani tele, pongo, nguruwe pori, kima wa aina kadhaa, na mbega wekundu ambao sokwe huwawinda. Nyani wa ufukweni ni wezi wenye uzoefu. Nyumba za Kasekela zina wavu wa chuma dirishani na kwenye vibaraza kwa sababu yao. Ukiacha mlango wazi ukaenda kunawa uso, utaukuta mkate uko juu ya mti.

Mahale ina chui msituni, na upande wa mashariki kwenye miombo kuna tembo, nyati, twiga na simba. Watafiti waliwahi kukuta nywele na mifupa ya sokwe kwenye kinyesi cha simba, kwa hiyo si hadithi. Lakini mgeni anayelala ufukweni magharibi hawafikii wanyama hao, milima iko katikati. Mwenye kiu ya simba na tembo aende Katavi, au ashukie Tabora atafute njia ya Mto Ugalla, pori la miombo lililopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Asiende Mahale akijidanganya.

Hela, chakula, kulala

Mtanzania hulipa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni wa nje, beba kitambulisho cha taifa. Mgeni wa nje hulipa zaidi Gombe kuliko Mahale, lakini usafiri wa Mahale unaifuta tofauti hiyo mara kadhaa. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo au kadi, si kwa noti mkononi, basi maliza hayo mjini kwenye mtandao mzuri.

Sehemu zote mbili zina mabanda ya bei nafuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Gombe pale Kasekela na Mahale pale Kasiha, na jiko la kujipikia. Mahale zipo pia kambi za kifahari ambazo bei yake ya usiku mmoja ingelipia harusi ndogo pale Mwanga mjini Kigoma. Duka hakuna. Nunua mchele, vitunguu, mafuta na dagaa soko la mjini kabla ya kupanda boti. Gombe ukisahau chumvi, boti ya kesho inaweza kukuletea. Mahale utakula bila chumvi.

Lini

Julai hadi Oktoba kwa zote mbili, na kwa Mahale hasa Agosti kuendelea, sokwe wanaposhuka karibu na ufuko kufuata matunda na matembezi yakawa mafupi. Kuanzia Novemba mvua inashika. Gombe bado inawezekana wakati huo, kwa kuwa ukikosa leo uko karibu na mji, unaweza kusubiri mvua ikatike ndipo uvuke. Mahale wakati wa masika sokwe hupanda juu, njia zinateleza na ndege zenyewe hupungua. Kambi nyingi za kifahari hufunga.

Jambo la mwisho ni la wanaorudi kutoka Gombe na maboti ya abiria: yanatoka vijiji vya juu asubuhi na mapema na kupita Kasekela kama saa moja. Hayangoji. Mwambie mhifadhi jana yake kwamba utaondoka nayo, ukae ufukweni na mzigo umefungwa, na ukiona boti upungie kitambaa cheupe.